Silikoni hushika, iodini hugeuza: jibu kuhusu alkaini, indoli na vitendanishi vya iodini

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Ninafanya utafiti wa shahada ya uzamili katika kemia ogania. Nina 5-bromoindoli, na ninataka kuweka kundi la alkaini kwenye kaboni namba 3 ya indoli, kisha jingine kwenye kaboni namba 5, mahali palipo na bromini. Karibu kila andiko ninalosoma linaniambia nitumie alkaini yenye silikoni, na kwa ile kaboni namba 3 nitumie kitendanishi cha iodini yenye valensi iliyozidi. Kwa nini nisitumie asetilini yenyewe? Nichague kundi gani la silikoni? Na ni kweli vitendanishi hivi hulipuka?"

Jibu: Marahaba. Nitaanza na asetilini, alkaini (kampaundi yenye kaboni mbili zilizoungwa kwa vifungo vitatu) iliyo ndogo kuliko zote, kwa kuwa ukiielewa hiyo maswali mengine mawili yatakuwa mepesi.

Asetilini unayoifahamu ni ile ya fundi wa kuchomelea vyuma, gesi iliyoyeyushwa katika asetoni ndani ya mtungi uliojazwa kitu chenye vinyweleo, kwa sababu ikishindiliwa peke yake inaweza kulipuka hata pasipo oksijeni. Hilo lingetosha kukufanya usite, lakini sababu ya kikemia inakuhusu zaidi. Molekuli ya asetilini ina hidrojeni mbili zinazofanana kabisa, moja kila ncha, na ukiiweka mbele ya besi, shaba na paladi haina namna ya kujua kwamba wewe ulitaka ncha moja tu ifanye kazi. Utapata kampaundi iliyoungwa upande mmoja, nyingine iliyoungwa pande zote mbili, na juu ya hayo mashapo mekundu ya asetilidi ya shaba, ambayo yakikauka hulipuka kwa kukwaruzwa tu. Silikoni inaondoa tatizo hilo kwa kuifunika ncha moja. Kampaundi ya trimethilisililiasetilini, ambayo nitaiita TMS-asetilini, ni kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 53 za Selsiasi. Unaipima kwa sindano, unaiingiza kwenye chupa, na ncha yake iliyo wazi ndiyo pekee inayoshiriki. Tangu Sonogashira, Tohda na Hagihara walipoeleza mwaka 1975 namna ya kuunga alkaini na halidi za arili (pete kama ya benzini iliyobeba bromini au iodini) kwa paladi na iodidi ya shaba, hii imekuwa njia ya kawaida ya kuweka alkaini juu ya pete ya benzini, na kaboni yako namba 5 haihitaji ujanja mwingine zaidi ya huo.

Wanafunzi wengi huishia hapo na kuiona silikoni kama kifuniko cha chupa. Kifuniko hicho, hata hivyo, kina kazi ya pili ambayo ndiyo inayoiunganisha na iodini. Elektrofili, yaani kitu chenye njaa ya elektroni, kikiikaribia alkaini yenye silikoni, hakivamii kaboni yoyote. Kinashika kaboni ile ile iliyobeba silikoni, kwa sababu chaji chanya inayozaliwa kwenye kaboni ya jirani huegemezwa na kifungo cha kaboni na silikoni kilicho kando yake. Baada ya hapo silikoni huondoka na kifungo cha tatu kati ya kaboni mbili za alkaini hurudi mahali pake. Kwa maneno mengine, silikoni humwonyesha mgeni kiti, kisha humwachia. Liweke hilo akilini, kwa kuwa bila hilo utengenezaji wa kitendanishi chako utaonekana kama uganga.

Kuhusu kundi la kuchagua, unahitaji mawili, na tofauti kati yake ndiyo itakayoendesha mpango wako wote. TMS, yenye methili tatu, ni nyepesi na ni rahisi kuondoka: kabonati ya potasiamu katika methanoli, kwenye joto la chumba, huing'oa kutoka kwenye alkaini kwa muda mfupi. TIPS, yenye isopropili tatu, imeizunguka silikoni kwa matawi mengi kiasi kwamba methoksidi haifiki. Inabaki salama katika mchanganyiko ule ule uliong'oa TMS, na huondolewa kwa floridi, kwa kawaida floridi ya tetrabutiliamonia katika tetrahidrofurani. Ukiwa na TMS upande mmoja na TIPS upande mwingine wa molekuli moja, una milango miwili yenye funguo mbili.

Nikuonye jambo moja ambalo halisisitizwi vya kutosha. Alkaini ndogo iliyokwisha kuvuliwa silikoni huruka kirahisi. Niliwahi kumaliza wiki nzima nikitengeneza arilialkaini ndogo, nikaivua TMS jioni, nikaiweka kwenye mashine ya kuvukizia ikiwa na beseni la maji ya moto na ombwe kamili, na baada ya nusu saa chupa ilikuwa safi kama imeoshwa; mali yangu yote ilikuwa ndani ya mtego wa barafu pamoja na kiyeyushi. Tangu siku hiyo huiacha silikoni juu ya alkaini hadi dakika ya mwisho inayowezekana, na simvulii kofia mtu anayevua TMS leo kwa ajili ya mmenyuko wa wiki ijayo.

Sasa tuje kwenye kaboni namba 3, ambako ugumu halisi upo. Indoli, pete ya benzini iliyoungana na pete ndogo yenye nitrojeni, ina elektroni nyingi, na kaboni yake namba 3 ndiyo iliyo tayari zaidi kuzitoa. Alkaini nayo, kwa desturi yake, ni mtoaji: ukiondoa hidrojeni ya ncha yake, kinachobaki ni kaboni yenye chaji hasi. Watoaji wawili hawana cha kupeana. Njia ya zamani ya kuvuka hapo ni kuweka iodini ya kawaida kwenye kaboni namba 3 na kuendelea na Sonogashira, lakini 3-iodoindoli yenye nitrojeni iliyo wazi haidumu, kwa hiyo unalazimika kufunika nitrojeni kwanza na kuifunua baadaye. Kwako wewe kuna kikwazo cha pili: ungekuwa na iodini kwenye namba 3 na bromini kwenye namba 5, na paladi ingeweza kuzigusa zote.

Njia nyingine ni kuigeuza alkaini yenyewe kutoka mtoaji hadi mpokeaji. Hiyo ndiyo kazi ya iodini yenye valensi iliyozidi. Katika kampaundi za kawaida iodini ina kifungo kimoja na elektroni nane kuizunguka. Conrad Willgerodt alionyesha mwaka 1886 kwamba iodobenzini ikipitishiwa klorini hutoa fuwele za njano ambamo iodini ile ile imeshika kaboni moja na klorini mbili. Jina la "valensi iliyozidi" lilikuja baadaye sana, katika makala ya Jeremy Musher ya mwaka 1969. Umbo la molekuli hizi ni kama herufi T: kundi la arili limesimama kwenye mguu wa T, na makundi mengine mawili yamekaa kwenye mstari mmoja, moja kila upande wa iodini, yakigawana elektroni nne katika kifungo kimoja kirefu cha atomu tatu. Kifungo cha namna hiyo ni dhaifu kuliko cha kawaida, na iodini inatamani kurudi kwenye hali yake ya elektroni nane. Ikirudi, inaondoka kama iodobenzini iliyotulia, na kundi lililokuwa limeshikwa nayo hubaki na upungufu wa elektroni. Okuyama na Ochiai walipima mwaka 1995, kwenye chumvi ya vinili (ambamo iodini imeshika kaboni yenye kifungo maradufu), wakakuta iodobenzini inaondoka takriban mara milioni moja haraka kuliko trifleti, kundi lenye florini na salfa ambalo sisi tulikuwa tumezoea kuiita bingwa wa kuondoka.

Kwa hiyo ukiishikisha alkaini kwenye iodini ya namna hii, alkaini hiyo inakuwa na njaa ya elektroni, na indoli yako inakuwa mlishaji. Swali linabaki: utaishikishaje?

Hapa ndipo silikoni inaporudi. Gerald Koser na wenzake, katika miaka ya 1980, walionyesha kwamba alkaini yenye ncha wazi inaweza kufanya kazi na kitendanishi kinachobeba jina lake, lakini matokeo yalitegemea sana alkaini yenyewe. Zile zenye kundi pana au la arili zilitoa chumvi ya alkainili iliyotakiwa, yaani chumvi ambamo iodini imeshika alkaini. Zile zenye mnyororo mwembamba zilipendelea kupokea iodini na tosileti kwa pamoja juu ya kifungo cha tatu, na mwisho wake ukawa kampaundi ya vinili. Mwaka 1985 Masahito Ochiai na wenzake huko Japani walitumia alkaini yenye TMS, iodosilibenzini (iodobenzini ambayo iodini yake imeshika oksijeni), na trifloridi ya boroni iliyoshikwa na etha. Iodini ilikwenda moja kwa moja kwenye kaboni iliyobeba silikoni, silikoni ikaondoka, na hakuna hidrojeni iliyong'olewa kuwa asidi kali ya kuharibu kilichopatikana. Kiti kilikuwa kimekwisha kuonyeshwa.

Chumvi hizo za wazi, ambazo iodini yake haijafungwa ndani ya pete, zina tabia ambayo lazima uijue, kwa sababu ndiyo iliyowafanya watu watafute kitendanishi utakachokitumia wewe. Nukliofili, yaani kitu chenye elektroni za kutoa, ikiishambulia chumvi ya alkainili, mara nyingi haigusi kaboni iliyoshikwa na iodini bali ile ya pili yake. Iodobenzini huondoka, na kinachobaki ni kabini, yaani kaboni yenye elektroni sita tu, iliyoshikwa kwa kifungo maradufu na kaboni ya jirani. Kabini hiyo ina njia mbili. Ikiwa jirani yake ana hidrojeni, arili au silili (kundi la silikoni), kundi hilo huruka hatua moja na alkaini mpya huzaliwa. Ikiwa hakuna anayeruka kwa wepesi, na kuna mnyororo wa kutosha, kabini hujipenyeza kwenye kifungo cha kaboni na hidrojeni kilicho hatua tano mbali na kufunga pete ya siklopenteni. Ochiai alilieleza hilo mwaka 1986. Wengine wangeliona kasoro. Ken Feldman, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, aliligeuza kuwa chombo cha kujengea, na mwaka 2002 yeye na Saunders walichapisha utengenezaji wa agelastatini A, kampaundi ya sifongo wa baharini, ambamo pete muhimu ilifungwa kwa kabini iliyotokana na chumvi ya alkainili ya iodini. Kama ungekuwa unatafuta pete za kaboni tano ningekaa hapa kwa muda mrefu, maana kwangu hii ndiyo kemia nzuri kuliko zote katika eneo hili. Lakini wewe unataka alkaini ibaki alkaini.

Kilichohitajika kilikuwa kitendanishi kisicho na haraka. Ochiai alitengeneza mwaka 1991, na Zhdankin akaendeleza mwaka 1996, kampaundi ambazo iodini yake imefungwa ndani ya pete: kundi la kaboksili lililo jirani kwenye benzini ile ile linainama na kuishika iodini upande mmoja wa mstari wa T, huku alkaini ikikaa upande wa pili. Mojawapo ni ile yenye TIPS kwenye ncha ya mbali ya alkaini, inayojulikana kote kwa kifupi cha TIPS-EBX (EBX ni kifupi cha ethinilibenziodoksoloni). Ni fuwele nyeupe, huvumilia hewa, na hukaa kwenye chupa kwa muda mrefu bila kubadilika. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua cha kuifanyia. Mwaka 2009 kundi la Jérôme Waser, katika EPFL, chuo kikuu cha teknolojia mjini Lausanne, Uswisi, lilionyesha kwamba ikipewa kloridi ya dhahabu kama kichocheo, kwenye joto la chumba, inaiweka alkaini moja kwa moja kwenye kaboni namba 3 ya indoli na kaboni namba 2 ya piroli. Nitrojeni haihitaji kufunikwa. Bromini iliyo kwenye pete inabaki ilipo. Chumvi za wazi za iodini hazikuweza kazi hiyo. Mwaka 2013 kundi hilo hilo likatumia paladi badala ya dhahabu na kuipeleka alkaini kwenye kaboni namba 2 ya indoli, jambo linalokuonyesha kwamba kitendanishi ni kimoja lakini metali ndiyo inayochagua mlango.

Sasa kuhusu kuitengeneza TIPS-EBX. Usiinunue kama mna muda, kwa sababu kila kinachohitajika kinapatikana kwa urahisi kuliko yenyewe. Hatua ya kwanza ni kuchemsha asidi ya 2-iodobenzoiki pamoja na periodeti ya sodiamu katika asidi asetiki ya asilimia 30 kwa saa nne, kisha kuongeza maji baridi na kuiacha ipoe gizani. Mashapo meupe yanayoshuka ni asidi ya 2-iodosilibenzoiki, ambayo kwa hakika imekwisha kujifunga pete. Ichuje, ioshe kwa maji ya barafu na baadaye kwa asetoni, na ikaushe kwenye hewa.

Hatua ya pili ndiyo ninayopenda kuwaonyesha wanafunzi, kwa kuwa unaona kemia kwa macho. Asidi hiyo haiyeyuki katika asetonitrili. Inaelea kama unga wa muhogo kwenye maji baridi. Unadondosha trifleti ya trimethilisilili taratibu chini ya nitrojeni, na katika muda wa kama robo saa uji ule mweupe unakuwa maji matupu, kwa kuwa oksijeni zimeshikwa na silikoni na iodini imeachwa uchi. Hapo ndipo unaongeza alkaini iliyobeba TMS ncha moja na TIPS ncha nyingine. Tazama werevu ulivyojificha: iodini inahitaji kaboni yenye silikoni, na zipo mbili, lakini TIPS ni pana mno kukaribiwa, kwa hiyo TMS ndiyo inayoondoka na TIPS ndiyo inayobaki kuilinda ncha ya mbali. Baada ya nusu saa unaweka piridini ili pete ya kaboksili ijifunge tena, unavukiza, unayeyusha katika diklorimethani, unaosha kwa asidi dhaifu kisha kwa bikabonati ya sodiamu, na unakuza fuwele kutoka kwenye asetonitrili. Bikabonati ina faida mbili: inaondoa asidi, na inachukua asidi yoyote ya 2-iodobenzoiki iliyosalia, huku TIPS-EBX, isiyo na chaji, ikibaki kwenye kiyeyushi.

Kabla ya hatua ya pili nakusihi uipime asidi ya iodosili, maana wanafunzi wengi huanza na unga ambao nusu yake haukuoksidishwa, kisha wakailaumu dhahabu. Kipimo hakihitaji chombo cha gharama. Yeyusha miligramu 132, ambazo ni nusu milimoli, katika asidi asetiki pamoja na iodidi ya potasiamu iliyozidi. Kila iodini yenye valensi tatu hutoa molekuli moja ya iodini ya kahawia, nayo hutumia thiosalfeti mbili. Kwa hiyo kama unga wako ni safi, utamaliza mililita 10.0 za thiosalfeti ya sodiamu yenye moli 0.1 kwa lita. Kama huna wanga wa maabara, kijiko cha wanga wa muhogo kilichochemshwa kwenye maji mengi kinatoa bluu ile ile mwishoni. Ukipata zaidi ya mililita 10, usifurahi: maana yake umeacha periodeti ndani, na hujaosha vizuri.

Tuje kwenye mlipuko. Hofu hiyo ina mizizi, lakini imepandwa kwenye shamba lisilo lake. Kampaundi iliyojipatia sifa mbaya ni IBX, ndugu mwenye iodini ya valensi tano, ambayo onyo kuhusu kulipuka kwake kwa kupigwa au kupashwa moto lilichapishwa mwaka 1990. Iodosilibenzini kavu hulipuka ikifikishwa karibu na nyuzi 210. Chumvi za iodini zilizoungwa na pakloreti hazifai kutengenezwa na mtu yeyote mwenye akili timamu wakati tetrafloriboreti na trifleti zipo. Diaseteti ya iodobenzini na TIPS-EBX ni watulivu kwa kulinganisha, ila "kwa kulinganisha" haina maana ya "kabisa". Kila kampaundi katika familia hii imebeba kioksidishi na mafuta ndani ya molekuli moja. Kwa hiyo usiisage kavu, usitumie kijiko cha chuma kuikwangua kwenye kioo, usiikaushe kwa joto chini ya ombwe, usiichanganye na kitu chenye kuoksidishwa kirahisi pasipo kiyeyushi, na unapoongeza kiwango kutoka gramu moja hadi gramu ishirini, weka ngao mbele yako. Wengine huona ngao ni woga. Mimi huona ni bei ndogo.

Mmenyuko wenyewe wa dhahabu ni rahisi: indoli, TIPS-EBX iliyozidi kidogo, na kloridi ya dhahabu ya asilimia 1 hadi 5 ya moli, katika etha, usiku kucha. Kwa milimoli moja ya indoli, asilimia 5 ni miligramu 11.6 tu za kloridi hiyo, kwa hiyo dhahabu haitakufilisi. Kinachoweza kukuangusha ni hali ya hewa. "Joto la chumba" katika maandiko ya Ulaya ni nyuzi 23 au karibu na hapo. Kama maabara yenu iko pwani na kiyoyozi hakifanyi kazi, chumba kina nyuzi 32 mchana, na etha huchemka kwenye nyuzi 35. Asubuhi utakuta chupa imekauka na mabaki yamekuwa meusi. Ziba chupa vizuri na uikalishe kwenye beseni la maji yaliyopozwa. Hali hiyo hiyo itakugusa kwenye TMS-asetilini: iweke kwenye friji, na chukua sindano iliyopozwa, la sivyo nusu ya ulichopima itavuka kuwa mvuke kabla haijafika kwenye chupa.

Mpangilio wa hatua ni huu, na usiugeuze. Weka TIPS-alkaini kwenye kaboni namba 3 kwanza, bromini ikiwa bado iko namba 5. Ukianza na Sonogashira, utakuwa na alkaini yenye TMS kwenye molekuli wakati wa kuleta dhahabu, na dhahabu hupenda alkaini kuliko inavyopenda kitu kingine chochote; TIPS inajilinda kwa upana wake, lakini TMS haina kinga hiyo. Baada ya dhahabu, fanya Sonogashira kwa TMS-asetilini kwenye bromini. Hapa uwe mvumilivu, kwa kuwa bromidi iliyo kwenye pete yenye elektroni nyingi ni mvivu na itahitaji joto; chupa iliyofungwa ni lazima, kwa sababu ya zile nyuzi 53. Ukiweza kupata 5-iodoindoli kwa ajili ya kazi nyingine siku zijazo, hatua hii itakuwa nyepesi zaidi. Mwisho wa hapo utakuwa na alkaini mbili, moja ikiwa na TMS na nyingine ikiwa na TIPS. Kabonati ya potasiamu katika methanoli itafungua ya namba 5 pekee, na unaweza kuiunga na azidi kwa shaba. Ya namba 3 inasubiri floridi. Usitumie asidi kuisafisha baada ya kuivua, maana alkaini iliyoegemea indoli hupokea hidrojeni na maji kwa urahisi na kugeuka ketoni.

Nisingekuwa mkweli kama ningekusifia njia hii bila kutaja uzito wake. Moli moja ya TIPS-EBX ni gramu 428. Katika hizo, gramu 248 zinarudi kwako kama asidi ya 2-iodobenzoiki, na ukishaivua TIPS kinachobaki juu ya indoli, kaboni mbili na hidrojeni moja, ni gramu 25. Ni kama kukodi lori kupeleka barua. Asidi hiyo unaweza kuiokoa kwa kuosha kwa besi, kuirudisha kwa asidi, na kuioksidisha tena kwa periodeti, na katika maabara yenye bajeti ndogo ningekutaka ufanye hivyo, lakini kwa kazi ya kiwandani ningetafuta njia nyingine. Kwa utafiti wa uzamili, ambako thamani iko katika kupata molekuli yenye alkaini mbili zinazotofautishwa kwa hatua chache, lori hilo linalipa nauli yake.

Huenda ukajiuliza pia kama kuna matumizi mengine ili chupa isikae bure. Yapo, na nitayapitia kwa haraka. Thioli hupokea alkaini kutoka TIPS-EBX ndani ya dakika tano, chupa ikiwa wazi hewani, kwa besi ya tetramethiliguanidini. Kundi la Waser lililitoa mwaka 2013, na baadaye vitendanishi vya jamii hiyo vikatumika kushika sisteini za protini. Chaozhong Li na wenzake, mwaka 2012, waliondoa kaboksili kwenye asidi na kuweka alkaini mahali pake kwa chumvi ya fedha na pasalfeti. Kwa upande wa nitrojeni, Witulski alionyesha mwaka 1998 kwamba chumvi ya wazi yenye TMS huunga alkaini kwenye sulfonamidi, na hapo silikoni tena ndiyo inayoruka na kuifunga alkaini upya. Ukitaka kuona silikoni ikifanya kazi pasipo iodini kabisa, soma kuhusu bis(trimethilisilili)asetilini katika utengenezaji wa homoni ya estroni wa mkemia Vollhardt kwa kobalti: makundi yake mawili ni mapana kiasi kwamba haiungani yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo inaweza hata kutumika kama kiyeyushi.

Ukipata mabaki yako ya kwanza, usikimbilie kupima kila kitu. Tazama spektra ya NMR ya hidrojeni, kipimo kinachoonyesha mahali ilipo kila hidrojeni ya molekuli, mahali pawili tu. Hidrojeni ya kaboni namba 3 ya 5-bromoindoli hukaa karibu na 6.5 ppm, inapaswa kuwa imetoweka, na ile ya kaboni namba 2 inapaswa kubaki, ikiwa imegawanyika mara mbili kwa sababu ya hidrojeni ya nitrojeni iliyo jirani. Karibu na 1.1 unatakiwa kuona hidrojeni 21 za TIPS. Kama ile ya 6.5 bado ipo na ya namba 2 ndiyo iliyopotea, basi alkaini imekwenda mlango wa pili, nami ningeanza kwa kukuuliza kama chupa uliyotumia iliwahi kuwa na paladi.